Muda Umekwisha: Nani Amechoka Kusubiri, na Alikuwa Akisubiri Nini?

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa saba mchana, katika ofisi ya taasisi moja ya kukopesha vikundi ambako nilikuwa nikihudumia kanzidata, yaani ghala la data la mfumo. Watu walikuwa wamejipanga dirishani na marejesho yao mkononi. Keshia akanipigia simu ya ndani: "Kaka, imegoma tena." Kwenye skrini yake kulikuwa na ujumbe unaojulikana na kila aliyewahi kukaa mbele ya mfumo wa malipo: muda umekwisha, jaribu tena. Alikuwa amekwisha kujaribu mara tatu kwa mteja yuleyule.

Meneja alishuka mwenyewe. Alichotaka kilikuwa rahisi kukielewa: "Kama muda hautoshi, ongezeni muda." Programu yetu ilikuwa ikisubiri jibu la kanzidata kwa sekunde 30, kisha inakata. Tukaupandisha ukomo huo hadi sekunde 120. Ndani ya dakika kumi mfumo mzima ulikuwa umesimama, hata ukurasa wa kuingia, ambao hauhusiani na malipo kabisa. Na jioni ile tuligundua jambo baya zaidi, nitakalolieleza mbele.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu kosa la muda kwisha. Kosa hili halisemi kwamba kanzidata ni mbovu, wala kwamba kweri ni nzito. (Kweri ni lile ombi ambalo programu hupeleka kwenye kanzidata: nipe salio la mteja huyu, andika malipo haya, jumlisha marejesho ya mwezi.) Linasema jambo moja tu: kuna mtu alikuwa akisubiri, saa yake ikafika, akaondoka. Halituambii ni nani aliyeondoka, halituambii alikuwa akisubiri nini, na halituambii kama kazi aliyoiagiza imefanyika au haikufanyika. Hayo matatu ni lazima uyatafute mwenyewe, na kwa mpangilio huo.

Saa ni nyingi

Keshia anapobonyeza "Hifadhi", ombi lake hupita mikono mingi. Kivinjari hulipeleka kwa seva ya wavuti, seva ya wavuti huikabidhi programu, programu huazima muunganisho mmoja kutoka kwenye akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, draiva (kipande cha programu kinachozungumza na kanzidata) huituma kweri, na mwisho kanzidata huipokea. Kila mmoja katika mlolongo huo ana saa yake mkononi, na mara nyingi kila saa imetegwa na mtu tofauti, au haikutegwa na mtu yeyote bali imebaki ilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo urefu wa kusubiri wenyewe ni shahidi mzuri. Nginx, seva ya wavuti tuliyoitumia, ikiwa haijabadilishwa, huisubiri programu iliyo nyuma yake sekunde 60, halafu humrudishia mtumiaji kosa la 504. Programu za .NET zinazozungumza na kanzidata ya SQL Server huipa kila amri sekunde 30. HikariCP, ambayo hutunza akiba ya miunganisho kwa programu nyingi za Java, nayo husubiri sekunde 30, lakini hizo ni za kupata muunganisho: kweri yenyewe bado haijatumwa popote. Injini ya InnoDB ya kanzidata ya MySQL husubiri kufuli la mstari (zuio linaloshika mstari wa data ili wawili wasiubadilishe pamoja) kwa sekunde 50. PostgreSQL, kanzidata yetu siku ile, ndiyo yenye subira kuliko wote, kwa kuwa `statement_timeout` yake huanza na 0, maana yake hakuna ukomo. Kweri inaweza kuendelea mpaka kesho.

Ukiona makosa yote yanatokea katika sekunde ya 60 kamili, usianze kuchimba kanzidata ukitafuta mpangilio wa sekunde 60. Nenda kwenye nginx. Ukiona 50, fikiria kufuli. Ukiona "Connection is not available, request timed out after 30000ms", elewa kwamba hakuna kweri iliyochelewa hapo. Ombi lilikuwa likisubiri zamu ya kupata mlango, na swali lako ni nani amekaa na milango yote.

Maneno ya ujumbe nayo yasomwe mpaka mwisho. PostgreSQL ina sentensi tatu ambazo mtu mwenye haraka huziona kama moja:

```
canceling statement due to statement timeout
canceling statement due to lock timeout
canceling statement due to user request
```

Ya kwanza inasema kweri imepitisha ukomo uliowekwa kwenye kanzidata yenyewe. Ya pili inasema kweri ilikuwa imesimama. Ilikuwa ikingoja kufuli lililoshikwa na mwingine. Ya tatu huwachanganya wengi, maana hakuna "user" aliyebonyeza chochote. Mara nyingi ni draiva: draiva ya Java, kwa mfano, ukiipa ukomo wake, huhesabu sekunde upande wake kisha hutuma ombi la kusitisha, na kanzidata huliandika kama ombi la mtumiaji. Ya kwanza na ya tatu zina msimbo mmoja wa kosa, 57014, ilhali ya pili ni 55P03. Kwa hiyo programu inayotazama msimbo peke yake haiwezi kuzitofautisha ya kwanza na ya tatu. Andika ujumbe wote kwenye logi, yaani daftari la matukio ya mfumo.

Kwa nini kuongeza muda kulituangusha

Hapa nataka tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu meneja yuko sahihi.

Programu yetu ilikuwa na akiba ya miunganisho 20. Siku ya kawaida kweri moja ilichukua kama milisekunde 50. Muunganisho mmoja kwa hiyo huhudumia kweri 20 kwa sekunde, na miunganisho 20 huhudumia 400. Hiyo ni nafasi kubwa kuliko tulivyohitaji.

Sasa chukulia kweri zinazogusa jedwali la malipo zimekwama, kila moja inakaa mpaka ukomo wake uishe. Kwa ukomo wa sekunde 30, miunganisho 20 hupitisha kweri 40 kwa dakika. Kwa ukomo wa sekunde 120 hupitisha 10 kwa dakika. Tulidhani tunawapa watu nafasi, kumbe tulikuwa tumeigawa nafasi kwa nne. Muunganisho uliokwama haukatwi mapema ukarudi kwenye akiba, na hata anayetaka kuingia tu kwenye mfumo, kwa kweri ndogo isiyo na tatizo lolote, hapati muunganisho wa kutumia. Ndiyo maana ukurasa wa kuingia nao ulikufa.

Ukomo mfupi, kwa maana hiyo, si ukatili kwa mtumiaji. Ni ulinzi kwa wale wengine 19. Kweri moja inapokatwa baada ya sekunde tano, mtu mmoja anapata kosa na wengine wanaendelea na kazi. Ninaona huzuni kila ninapokuta ukomo umepandishwa hadi dakika kumi kwenye mfumo unaohudumia watu dirishani, kwa sababu najua kuna siku ulisumbua, mtu akaupandisha ili alale, na sababu ya kweli bado imo humo ndani.

Alikuwa akisubiri nini?

Sababu ziko za aina mbili kubwa: kweri inafanya kazi na kazi ni nyingi mno, au kweri haifanyi kazi yoyote, imekaa tu inangoja. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kuongeza faharasa (orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji) hakumsaidii aliyesimama mlangoni akisubiri ufunguo.

Kwenye PostgreSQL kuna njia ya kuona wakati uleule mambo yanatokea. Hii ndiyo kweri ninayoiweka karibu:

```
SELECT pid, state, wait_event_type,
       now() - xact_start    AS umri,
       pg_blocking_pids(pid) AS wazuiaji,
       left(query, 60)       AS kweri
FROM pg_stat_activity
WHERE state <> 'idle'
ORDER BY xact_start;
```

Safu ya `wait_event_type` ikiwa tupu, kweri inatumia prosesa. Ikiwa `IO`, inasoma diski. Ikiwa `Lock`, inasubiri mtu, na safu ya wazuiaji inakutajia namba yake. Hiyo `pg_blocking_pids`, inayowataja wazuiaji, ilikuja na toleo la 9.6 mwaka 2016. Kabla ya hapo tuliunganisha majedwali ya makufuli kwa mkono, na katikati ya hekaheka hilo lilikuwa jambo gumu.

Mchana ule matokeo yalijaza skrini, lakini yalisomeka kama foleni. Chini kulikuwa na kweri nyingi za malipo, zote `Lock`, zote zikimtaja mzuiaji mmoja. Mzuiaji huyo alikuwa amri ya `ALTER TABLE malipo ADD COLUMN`, ya kuongeza safu kwenye jedwali la malipo, iliyorushwa na mwenzetu aliyekuwa akiandaa kipengele kipya. Amri ya namna hiyo huisha kwa milisekunde chache. Lakini nayo ilikuwa `Lock`, ikimtaja mzuiaji mwingine. Na huyo wa mwisho, juu kabisa, hakuwa akifanya kitu. Hali yake ilikuwa `idle in transaction`, yaani amekaa kimya huku muamala wake ukiwa wazi, umri saa moja na dakika kumi na mbili.

Alikuwa ni mchambuzi wa ripoti. Alifungua muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja) kwenye zana yake, akasoma jedwali la malipo kwa `SELECT` ya kawaida, matokeo yakaja, akaenda kula. Zana yake ilikuwa imepangwa isiuthibitishe muamala mpaka yeye aagize. `SELECT` hushika kufuli hafifu kabisa, lisilomzuia mtu kusoma wala kuandika, lakini hulishika mpaka muamala uishe. `ALTER TABLE` inahitaji kufuli kali linalotaka jedwali libaki peke yake. Ikapanga foleni nyuma ya mchambuzi. Na hapa ndipo penye siri inayowanasa wengi: foleni ya makufuli hufuata zamu. Kila kweri mpya iliyokuja baada ya `ALTER TABLE`, hata ya kusoma tu, hata isiyogombana kabisa na mchambuzi, ilipanga mstari nyuma ya ile amri kali. Mtu mmoja asiyefanya lolote na amri moja ya milisekunde chache, kila mmoja peke yake hana madhara, wakikutana wanafunga jedwali zima.

Tulijaribu kwanza `pg_cancel_backend` kwa mchambuzi. Haikufanya kitu, na haikupaswa kufanya, kwa sababu inasitisha kweri inayoendelea na yeye hakuwa na kweri inayoendelea. Ilibidi `pg_terminate_backend`, inayokata muunganisho wenyewe. Foleni ikafunguka palepale.

Kweri inapofanya kazi kupita kiasi

Aina nyingine, ya kazi nyingi mno, ndiyo inayoandikwa sana, kwa hiyo nitachagua mifano miwili ninayokutana nayo mara kwa mara katika mifumo ya huku kwetu.

Wa kwanza ni namba za simu. Namba moja ya Tanzania inaweza kuingizwa ikianza na 0, ikianza na 255, au ikianza na +255, na karani mwingine anaweka nafasi katikati. Mwandishi wa programu, akitaka ampate mteja bila kujali namba iliandikwaje, anatafuta kwa tarakimu tisa za mwisho: `WHERE simu LIKE '%7xxxxxxxx'`. Siku ya uzinduzi, jedwali likiwa na mistari elfu tano, jibu linakuja mara moja. Miaka mitatu baadaye jedwali lina mistari milioni kadhaa na kweri ileile inakata pumzi.

Fikiria kamusi. Maneno yamepangwa kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo ukiulizwa maneno yanayoanza na "sha" unafungua ukurasa mmoja. Ukiulizwa maneno yote yanayoishia na "sha", huna njia ila kufunua kamusi nzima, ukurasa kwa ukurasa. Faharasa ya kawaida ya kanzidata ni kamusi hiyo. Alama ya asilimia mwanzoni mwa neno inaifanya isiwe na msaada. Ukiiweka kweri hiyo chini ya `EXPLAIN ANALYZE`, amri inayoonyesha njia ambayo kanzidata imeitekeleza kweri, utaona `Seq Scan`, yaani jedwali limesomwa lote, na kando yake `Rows Removed by Filter` ikiwa na namba ya kutisha: mamilioni yamesomwa yakatupwa ili kupata mistari michache. Uwiano huo, kilichosomwa dhidi ya kilichorudishwa, ndio kitu cha kwanza ninachotazama katika mpango wowote wa utekelezaji.

Dawa yake haimo kwenye kweri. Imo pale namba inapoingia: ibadilishwe kuwa sura moja kabla ya kuhifadhiwa, tuseme 255 na tarakimu tisa, na zilizokwisha kuingia zisafishwe. Baada ya hapo unatafuta kwa alama ya usawa, na faharasa inafanya kazi yake.

Mfano wa pili ni tarehe. Ripoti ya mwezi huandikwa hivi: `WHERE to_char(tarehe, 'YYYY-MM') = '2024-03'`. Inasomeka vizuri, na inaua faharasa ya tarehe, maana kanzidata inalazimika kuigeuza tarehe ya kila mstari kuwa maandishi ndipo ilinganishe. Andika mipaka badala yake: `tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'`. Nimewahi kuona badiliko hili peke yake likiishusha ripoti kutoka dakika hadi chini ya sekunde.

Kuna pia kweri zilizokuwa na afya jana na leo zimelala bila mtu kugusa msimbo. Hapo shuku takwimu. Kanzidata huchagua njia ya kutekeleza kweri kwa kukisia idadi ya mistari, na makisio hutoka kwenye takwimu inazozikusanya mara kwa mara. PostgreSQL, kwa mpangilio wa kawaida, huzikusanya upya jedwali linapobadilika kwa asilimia 10 na mistari 50 juu yake. Kwenye jedwali la mistari milioni 20 hiyo ni mistari milioni mbili ya kubadilika kabla takwimu hazijaguswa. Ukipakia data nyingi kwa mkupuo kisha ukarusha ripoti papo hapo, kanzidata inaweza bado kuamini jedwali ni dogo na kuchagua njia inayofaa kwa jedwali dogo. Amri ya `ANALYZE malipo;` huzikusanya upya takwimu hizo, huchukua muda mfupi na mara nyingi humaliza kesi.

Tahadhari moja kuhusu `EXPLAIN ANALYZE`: huitekeleza kweri kweli. Ukiiweka mbele ya `DELETE`, mistari inafutika. Ifunge ndani ya `BEGIN` na `ROLLBACK`, yaani anza muamala kisha uutengue. Na kama kweri haimalizi kamwe, tumia `EXPLAIN` tupu, inayoonyesha mpango bila kuutekeleza.

Je, kazi ilifanyika?

Nilisema kuna jambo baya zaidi tulilogundua jioni. Keshia mmoja, dada makini sana, alikuwa akilinganisha stakabadhi za mkono na ripoti ya mfumo. Akaniita: "Kaka, huyu mama amelipa mara moja, nimempokea mimi mwenyewe. Kwenye mfumo amelipa mara mbili."

Kilichotokea ni hiki. Baada ya kupandisha ukomo wa programu hadi sekunde 120, saa ya nginx ilibaki 60. Keshia alibonyeza, akasubiri, nginx ikachoka katika sekunde ya 60 ikampa kosa. Lakini programu nyuma ya nginx haikujua. Ilikuwa bado ina dakika nzima ya kusubiri, na kweri yake ya kuandika malipo ilikuwa bado kwenye foleni ya kufuli. Keshia akabonyeza tena. Kweri ya pili ikapanga foleni. Kila jaribio liliacha kweri yatima ambayo hakuna tena aliyekuwa akisubiri jibu lake. Tulipomkata mchambuzi, foleni ikafunguka, na kweri zote zilizokuwa bado hai zikaandika malipo yake kwa uaminifu.

Ukomo wa zamani wa sekunde 30, tuliouona adui, ndio uliokuwa ukizuia hili. Ulikuwa mfupi kuliko ule wa nginx, kwa hiyo programu ilikata na kutengua kabla mtumiaji hajaambiwa chochote. Kanuni ni kwamba saa ya ndani iwe fupi kuliko ya nje: kanzidata ikate kwanza, kisha draiva, kisha programu, kisha seva ya wavuti. Aliye nje anapopewa kosa, aliye ndani awe amekwisha kuacha.

Hata saa zikipangwa vizuri, bado kuna mwanya. Kanzidata inaweza kuthibitisha muamala, na jibu likapotea njiani kabla halijafika. Kwa hiyo kosa la muda kwisha kwenye kweri ya kuandika lisomwe hivi: sijui. Halina maana ya "imeshindikana". Na kwa kuwa hujui, kurudia lazima kuwe salama. Kila tendo la malipo lipewe namba yake ya kumbukumbu fomu inapofunguliwa, kabla mtu hajabonyeza, na kanzidata iwe na sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Kwenye PostgreSQL, `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING` hulimaliza: jaribio la pili na la tatu la malipo yaleyale yanapita bila kuandika kitu. Hatukuwa nayo. Tulikaa na yule dada mpaka usiku, stakabadhi moja baada ya nyingine, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya watu wanaohesabu shilingi zao.

Anayehama kati ya kanzidata mbili ajue tofauti hii. PostgreSQL ikikata kweri ndani ya muamala, muamala mzima unaharibika; haikubali amri nyingine mpaka uutengue. MySQL, kufuli likichelewa na ukapata kosa 1205, kwa mpangilio wake wa kawaida hutengua ile kauli moja tu na muamala unabaki wazi, ukiwa na kila ulichoandika kabla. Programu ikimeza kosa hilo na kuendelea hadi kuthibitisha, inathibitisha nusu ya kazi: pesa imetoka akaunti moja, haijaingia nyingine. Ukipata 1205, tengua muamala wote mwenyewe, kisha uanze upya.

Na kurudia kwenyewe kuwe na adabu. Programu mia zikirudia kila moja baada ya sekunde moja kamili, zinaifuata kanzidata iliyolemewa kwa mawimbi. Hapa dawa ya moto si moto. Subiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, uchanganye na kiasi cha bahati nasibu ili zisigongane, na baada ya mara chache uache.

Tulichokiweka

Hatukuweka ukomo mmoja kwa wote. Kwenye PostgreSQL unaweza kuufunga ukomo kwa mtumiaji wa kanzidata, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa kuwa dirisha la malipo na ripoti ya mwaka hazina subira moja:

```
ALTER ROLE dirishani SET statement_timeout = '5s';
ALTER ROLE dirishani SET lock_timeout = '2s';
ALTER ROLE ripoti    SET statement_timeout = '10min';
ALTER ROLE ripoti
  SET idle_in_transaction_session_timeout = '5min';
```

Mstari wa mwisho ni kwa ajili ya yule aliyekwenda kula. Kazi moja inayohitaji muda zaidi hupewa `SET LOCAL statement_timeout` ndani ya muamala wake, na ukomo hurudi ulipokuwa muamala ukiisha. Usitumie `SET` bila `LOCAL` ikiwa kati yako na kanzidata kuna PgBouncer inayogawa miunganisho kwa kila muamala. Mpangilio wako utabaki kwenye muunganisho na kumwangukia mgeni anayefuata. Toleo la 17, lililotoka mwaka 2024, limeongeza `transaction_timeout` inayohesabu muamala mzima, kitu ambacho tulikuwa tukikitamani.

Nginx tuliiacha kwenye 60, na programu tukairudisha chini ya hapo. Tukawasha `log_min_duration_statement` ili kila kweri inayopita sekunde moja iandikwe, maana kweri haianzi kuchelewa siku inapokatwa. Wiki kadhaa kabla ilikuwa ikichukua sekunde mbili, kisha tatu, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Na ile `ALTER TABLE` bado ilipaswa kufanyika. Mwenzetu aliirudia usiku ule, safari hii akitanguliza `SET lock_timeout = '3s'`, ili ikikosa kufuli iondoke kwenye foleni badala ya kuwafungia wengine njia. Jaribio la kwanza likakatwa, la pili likakatwa. La tatu likapita saa tano usiku, na kwenye logi hakukuwa na kweri hata moja iliyochelewa nyuma yake.